Maswali ya Tumpe Pembeni mwa Uwanja

Ukiingia kwenye puto la Champlin, uwanja wa michezo uliofunikwa huko Minnesota, masikio ndiyo yanayotangulia kujua. Yanaziba kama ya mtu aliye kwenye ndege inayoshuka. Mlango ni wa kuzunguka, kwa sababu ukiachwa wazi hewa itatoka, na paa lote, kitambaa kizito cheupe kinachoshikiliwa na upepo wa mashine peke yake, litaanza kushuka. Ndani hakuna vivuli. Taa zinamulika juu, kitambaa kinarudisha mwanga kutoka kila upande, na mtu anasimama kwenye nyasi za plastiki bila kitu cheusi miguuni pake isipokuwa chembe za mpira zinazoingia viatuni. Sauti nazo zinachelewa. Ukiita upande huu, ukuta wa mbali unakurudishia wito wako baadaye kidogo, ukiwa umepungua nguvu.

Tumpe Mwasomola alikuwa amefanya kazi humo misimu kadhaa ya baridi bila kuyawazia sana mambo hayo. Alitoka Tukuyu akiwa binti wa kidato cha sita, akasoma sayansi ya mazoezi katika chuo kimoja cha Saint Paul, akalipa ada kwa kuwaogesha wazee kama walivyofanya wanafunzi wote wa rika lake, kisha akabaki. Siku za kazi yuko kliniki, anawatembeza wagonjwa wa moyo kwenye mashine ya kukimbilia huku akitazama mapigo yao kwenye skrini na kuwaambia taratibu, taratibu, hatufukuzwi na mtu. Jumamosi anafanya kinyume chake.

Aliyemwingiza kwenye raga ni Kamau, dereva wa malori kutoka Nakuru, mtu mwenye shingo nene na kicheko kinachotangulia mwili wake mlangoni. Kamau alitaka kuanzisha timu ya raga ya watu kumi na watano, watu hawakupatikana, ndipo akagundua kwamba iko raga nyingine, inayochezwa na kumi na watatu. Alikutana na Tumpe kwenye nyama choma moja ya Wakenya huko Brooklyn Park.

"Vijana wako wanakata pumzi kabla ya mapumziko," Tumpe alimwambia, bila salamu ndefu. Alikuwa amewaona wakicheza mara moja tu.

"Kwani wewe ni nani, daktari?"

"Nawakimbiza wenye mioyo mibovu."

"Basi kuja ukimbize hawa wenye mioyo mizima, uwache mdomo."

Akaenda. Alichokikuta ni mchezo wa kuanguka na kuamka. Katika raga hiyo ya kumi na watatu, mwenye mpira akikabwa na kuangushwa, wakabaji wanamwachia, anasimama, anaweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa unyayo ili mwenzake auokote. Wakiangushwa mara sita, mpira unakwenda kwa wapinzani, na wao wanarudi mstarini kukaba. Mchana mzima ni hivyo. Anayeshinda mara nyingi ni yule ambaye, mwishoni kabisa, bado anaamka haraka.

Kwa hiyo Tumpe aliwafundisha kuamka. Zoezi lake lilikuwa na maneno manne, nao waliyaitikia kwa miili: "Chini! Juu! Nyuma! Rudi!" Wanalala kifudifudi, wanasimama, wanasukuma mguu nyuma, wanakimbilia mstari. Walifanya bila mpira, maana mipira ilikuwa michache na vijana wengi. Ukitazama kutoka mlangoni ungeona kundi la wanaume wakisukuma nyuma kitu kisichokuwepo, kwa pamoja, tena na tena, na ukuta wa mbali ukirudia amri nyuma yao. Tumpe alitaka mwili ufike mahali ambapo hauombi ruhusa kichwani, na wengi wao walifika.

Kisha kulikuwa na maswali. Kila kocha wa michezo ya kugongana anayo maswali ya kumuuliza mchezaji aliyepigwa kichwa: tuko wapi, ni kipindi cha ngapi, nani amefunga mwisho, mara ya mwisho tulicheza na nani, ikawaje. Akibabaika hata kwenye moja, anatoka na harudi. Tumpe aliyauliza kwa Kiswahili, kwa sababu nusu ya vijana walikuwa Wakongo waliokulia kambini Kigoma, na alikuwa ameona jinsi Kiingereza kinavyowakimbia pumzi zikiisha. Baadaye akaanza kuyatumia pia mazoezini, ili apime jinsi mtu anavyofikiri akiwa amechoka. Mtu akimaliza zamu yake ya kuanguka na kuamka, Tumpe anamsimamia usoni na kumuuliza yote matano.

Majira ya baridi ya Minnesota ni marefu, na hakuna mechi. Majibu yakaganda kama maji ya ziwani. Tuko wapi? Kwenye puto. Kipindi cha ngapi? Cha pili, kwa kuwa kila mara waliulizwa nusu ya mwisho ya mazoezi. Nani amefunga mwisho? Janvier, kwa kuwa Janvier alikuwa na mbio kuliko wote na kila mchezo wao wa kujipima aliumaliza yeye. Mara ya mwisho tulicheza na nani? Milwaukee, mwezi Septemba. Ikawaje? Tulipigwa.

Ilipofika Februari walikuwa wakiyaitikia kwa pamoja kama waumini. Aliyeongoza ni Mugisho, kijana mpana, mpole, mwimbishaji wa kwaya ya kanisa la Wakongo huko Crystal. Aligeuza lile neno la mwisho kuwa wimbo wa sauti nne, na Kamau, aliyekuwa na maumivu ya kweli kuhusu Milwaukee, alimtupia chupa ya maji.

"Wewe Mugisho, unaimbia kifo cha baba yako?"

"Ninakufariji, Kocha!"

Mama yake Mugisho, Générose Nabintu, alikuwa anafanya kazi jikoni mwa shule. Ndiye aliyemleta siku ya kwanza, ingawa kijana alikuwa mtu mzima mwenye gari lake. Alimshika Tumpe mkono karibu na mlango wa kuzunguka. "Maman Tumpe, ninakupatia mutoto. Utanirudishia vile nilikupatia."

"Nitakurudishia, Mama."

Tangu hapo ilikuwa desturi yao. Kila Jumamosi asubuhi Générose alikuja na chupa ya chai ya maziwa, akasema maneno yale, Tumpe akajibu vilevile. Mazoezi yakiisha mama anauliza, "Umenirudishia?" na Tumpe anasema, "Nimekurudishia," na wote wawili wanacheka.

*

Jumamosi moja ya Machi, theluji ilikuwa inayeyuka na ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni hadi maegesho ya magari. Puto halikuonekana mpaka ugongane nalo. Walicheza wao kwa wao, siku za mechi zikikaribia. Karibu na mwisho Janvier alichomoka na mpira pembeni. Mugisho akamfuata, akamkaba kwa chini, na nyonga ya Janvier ikampiga juu ya sikio. Janvier alijiviringisha na mpira hadi ndani ya mstari na kufunga. Mugisho alibaki amelala.

Alilala muda mfupi sana. Tumpe alikuwa bado anakimbia kumfuata alipomwona anasimama, akasukuma mguu nyuma, akatazama mbele.

"Mugisho. Nitazame."

Akamtazama. Macho yalifuata kidole chake kushoto na kulia. Alisimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Tumpe alikuwa mtu wa utaratibu, na aliuliza kama alivyouliza siku zote.

"Tuko wapi?"

"Kwenye puto."

"Kipindi cha ngapi?"

"Cha pili."

"Nani amefunga mwisho?"

"Janvier."

"Mara ya mwisho tulicheza..."

"Milwaukee."

"Ikawaje?"

"Tulipigwa."

Sauti ilikuwa safi. Majibu yote yalikuwa kweli. Jibu la nne lilikuja kabla swali halijaisha, na Tumpe aliliona hilo, lakini wakati huohuo ukuta wa mbali ulikuwa unamrudishia swali la tatu, na katika nyumba ile ni vigumu kusema nini kimetangulia nini.

"Vipi, Kochi, ako sawa?" Kamau aliita.

"Yuko sawa."

Kanuni anaijua: ukiwa na shaka, mtoe. Hakuwa na shaka. Alimrudisha uwanjani.

Muda uliobaki Mugisho alicheza kuliko alivyowahi kucheza. Alikaba, akaamka, akakaba tena. Wenzake walikuwa wameshika magoti, yeye hakushika. Hakuita mtu wala kutania, na hakumlaumu aliyemkosea pasi. Kamau alikuwa anarukaruka pembeni akirekodi kwa simu. "Cheki huyo! Amekuwa mashine! Tumpe, hiyo ni kazi yako!" Na Tumpe, kwa mara ya kwanza, alijisikia fahari iliyokaribia kumtoa machozi.

Mlangoni Générose alikuwa anangoja na chupa yake. "Umenirudishia?"

"Nimekurudishia, Mama."

Mugisho alipita katikati yao, akaingia kwenye mlango wa kuzunguka, ukazunguka naye hadi kwenye ukungu. Générose alicheka peke yake kidogo, akamfuata.

*

Kesho yake asubuhi, Tumpe alikuwa jikoni kwake Saint Paul amevaa nguo za kanisani, akisubiri maji yachemke. Video ya Kamau ilikuwa imefika kwenye kundi la simu la timu pamoja na alama nyingi za vidole gumba na za moto. Aliifungua ili ajione amefanikiwa.

Alimwona Mugisho akimkaba mtu, wakaanguka wote wawili. Mwenye mpira akasimama na kuusukuma mpira nyuma kwa unyayo, kama inavyopasa. Mugisho naye akasimama mbele yake na kusukuma mguu nyuma.

Tumpe akairudisha. Mkabaji hasukumi kitu. Hana mpira, kazi yake akiamka ni kurudi mstarini tu. Akatazama mkabo uliofuata. Mugisho aliangusha, akaamka, akasukuma hewa nyuma yake, akarudi. Na uliofuata. Kila mara alifanya kitendo kilekile kwa kasi ileile, na kila mara alisita kidogo kabla ya kukimbia, kama anayempa mtu wa nyuma nafasi ya kuinama na kuokota. Hakuna aliyekuwa nyuma yake. Nyuma ya kamera Kamau alikuwa anapiga kelele za furaha.

Maji yalichemka na birika likajizima. Tumpe alipiga simu.

Ilipokelewa. Nyuma yake kwaya ilikuwa inafanya mazoezi kabla ya ibada.

"Mugisho? Ni Dada Tumpe."

"Ndiyo, Dada."

"Umelalaje?"

"Vizuri, Dada."

"Kichwa kinauma?"

"Hapana, Dada."

"Hata kidogo? Kichefuchefu?"

"Hapana, Dada."

Tumpe akamngojea aulize kwa nini kapigiwa asubuhi hiyo, au ataje mchezo wa jana, au hata aseme haya kwaheri. Hakusema chochote. Hakukata simu pia. Alisikika akipumua, taratibu, na kwaya ikaanza ubeti mwingine, na Mugisho, simu ikiwa bado sikioni, akauimba. Aliimba sehemu yake yote. Ubeti ulipoisha akarudi kupumua.

Kisha kulikuwa na mkwaruzo na sauti ya Générose. "Ni nani? Maman Tumpe! Nilikuwa nataka kukuita." Alishusha sauti, na viatu vyake vikasikika vikienda mahali pengine. "Mama, huyu mutoto iko na mambo gani?"

"Amefanyaje?"

"Hajafanya kitu. Ile njo kitu inaniogopesha. Nikimuita anaitika. Nikimwambia kula, anakula. Tangu jana hajaanzisha hata neno moja. Mugisho! Mutu wa kusema mpaka ninamufukuza jikoni!" Akavuta pumzi. "Jana kijiko kilimuanguka. Akainama, akakikamata, akakiweka tena chini, polepole. Akakisukuma nyuma na mguu. Halafu akasimama pale, Maman Tumpe. Akangoja. Nikamuuliza unangoja nani, akasema ndiyo, Mama."

"Mama, mrudishe nyumbani sasa hivi. Asiendeshe. Nakuja."

"Donc, basi iko mugonjwa?"

"Nakuja."

*

Ukungu wa jana ulikuwa bado umelala juu ya barabara ya kwenda Crystal. Magari yalikuwa yanatokea yakiwa taa tu. Tumpe aliendesha akijieleza, kwa ile sauti ya ndani inayojua kupanga hoja. Macho yalifuata kidole. Alisimama kwa mguu mmoja. Majibu yote matano yalikuwa sahihi, na angeweza kumwambia daktari yeyote hivyo. Aliyarudia majibu yale moja baada ya jingine, na alipofika taa nyekundu akagundua kwamba anayaimba, kwa sauti aliyotunga Mugisho.

Nyumba ya Générose iko ghorofa ya pili, juu ya maegesho. Ilikuwa inanuka sombe, kile kisamvu cha Wakongo, na sabuni. Mugisho alikuwa mezani na suti yake ya kanisani, mikono juu ya kitambaa cha meza, sahani mbele yake tupu, imefutwa safi. Aligeuza kichwa Tumpe alipoingia. Hakutabasamu, na hakuwa amenuna.

"Kula tena," mama yake alimwambia, akamwekea. Akala.

Tumpe alivuta kiti akaketi mbele yake. Akapitisha kidole mbele ya uso wake. Macho yalikifuata, na mboni moja, aliona sasa, ilikuwa pana kuliko nyingine. Kliniki ilikuwa imemfundisha kutoonyesha kitu usoni.

"Mugisho, tuko wapi?"

"Kwenye puto."

Générose alicheka kwa mshangao, akapiga makofi mara moja. "Ah! Kumbe munachezaga na mimi! Ni ile mambo yenu ya raga!" Alitazama uso wa Tumpe, kicheko kikabaki bila mahali pa kwenda.

Tumpe alilaza mikono yake mezani. Akauliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu yeyote pembeni mwa uwanja.

"Mama yako amepika nini leo?"

"Cha pili," Mugisho alisema.

Sauti ilikuwa safi kama jana. Générose aliweka mwiko chini.

"Mugisho. Huyu aliyesimama hapa ni nani?"

Aligeuza macho akamtazama mama yake, vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayejua jibu. "Janvier."

"Yesu," Générose alinong'ona. "Yesu, Yesu."

Tumpe alitaka kuuliza tena na hakuweza. Jokofu lilikuwa linanguruma, na nje gari moja lilikuwa linahangaika kuwaka. Mugisho alikuwa anamtazama mdomoni. Alingoja muda wa kutosha swali moja kuulizwa, muda uleule wa siku zote, kisha akajibu.

"Milwaukee."

Akangoja tena.

"Tulipigwa," akasema, na akarudi kwenye sahani yake.

Tumpe alikuwa ameshapiga simu ya dharura kabla hajajua kwamba amesimama. Alizungumza Kiingereza kilichonyooka. Alitaja umri, pigo juu ya sikio, mboni, saa zilizopita. Aliulizwa kama mgonjwa alipoteza fahamu baada ya pigo. Alitazama bega pana la kijana ndani ya suti.

"Ndiyo," akasema. "Na mimi nilimrudisha uwanjani."

Wahudumu wa gari la wagonjwa walipofika walimkuta Mugisho ameanza kuinamia upande mmoja. Walimwambia alale, akalala. Walimwambia asimame, akasimama, akasukuma mguu nyuma kwenye zulia la mama yake, na mmoja wao akatazama nyuma yake kuona ni nini.

*

Damu ilikuwa inavuja polepole kati ya fuvu na ubongo, ikijikusanya tangu Jumamosi. Daktari wa upasuaji aliwaeleza hivyo, akachora duara kwenye kitambaa cha karatasi na kulipaka wino upande mmoja. Wangetoboa na kuitoa. Alisema mtu anaweza kutembea na kutenda mambo mengi aliyoyazoea katika hali hiyo, kwa muda, na kwamba wangechelewa hadi jioni angekuwa anawaeleza jambo jingine.

Kwenye chumba cha kungojea, Générose alikuwa ameshika koti la suti la mwanawe, limekunjwa mapajani. Kamau alikuja na chakula ambacho hakuna aliyekigusa. "Tumpe, sikiza. Ulimuuliza, akajibu. Kila mtu alisikia. Kuna kitu ingine ungefanya?"

"Nisingewafundisha majibu."

"Hakuna mtu alikuwa anafundisha majibu! Ilikuwa mchezo tu."

"Ndiyo," Tumpe alisema. "Kila Jumamosi."

Kamau akaenda kusimama dirishani. Générose hakumtazama Tumpe. Alisema, akiongea na koti, "Nilikuuliza pale kwenye mulango. Ukasema umenirudishia."

"Nilisema, Mama."

"Ulimuangalia?"

Tumpe alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu alidaiwa angalau hilo. Aliona mlango ukizunguka, mgongo, ukungu. "Hapana. Nilikuwa nakutazama wewe. Nilikuwa nangoja tucheke."

Générose alitikisa kichwa polepole. Hakusema amemsamehe. Baada ya muda alisogeza mkoba wake kutoka kiti cha pembeni, na Tumpe akakaa.

*

Mugisho alifumbua macho baada ya upasuaji. Ndipo ilipoanza hofu ambayo Tumpe hakuitarajia. Wauguzi walimjia kila zamu na maswali yao. Jina lako nani? Uko wapi? Huu ni mwezi gani? Unajua kilichokuleta hapa? Kila muuguzi, kwa upole uleule, kwa mpangilio uleule, na majibu yakaandikwa kwenye kompyuta ya ukutani. Mara ya kwanza alikosea karibu yote. Siku iliyofuata alikosea moja. Kisha hakukosea tena, na daktari akasema anapendezwa sana.

Tumpe alikuwa amesimama miguuni pa kitanda aliposikia majibu yanakuja moja baada ya jingine, safi. Alimtazama Générose, Générose akamtazama yeye. Hawakuwa wamezungumza sana tangu chumba cha kungojea, lakini hapo hapakuwa na haja ya kuelezana.

Muuguzi alipotoka Générose alifunga mlango. "Wewe unaamini?"

"Sijui, Mama."

"Anajibu."

"Anajibu, ndiyo."

"Hata wakati ule alikuwa ananijibu. Ile siku ya kijiko alikuwa ananijibu."

Wakakubaliana jambo, na lilikuwa jambo la ajabu kwa wanawake wawili kukubaliana juu ya kitanda cha mgonjwa. Hawatamuuliza kitu. Hawatamwita jina, hawatamwambia ale wala anywe. Watakaa tu, wangoje kama ataanzisha neno. Lisipokuja, Générose alisema, basi atajua kwamba amerudishiwa nguo bila mwenyewe.

Wakakaa, mmoja kila upande. Nje ya dirisha hapakuwa na jiji, ni weupe tu; theluji ya mwisho ilikuwa inaanguka nyembamba, na mwanga wake uliingia chumbani kutoka kila upande kiasi kwamba vitu havikuwa na kivuli. Mashine ya hewa darini ilivuma bila kukoma. Mugisho alikuwa ameegemea mito, kichwa kimefungwa bandeji, macho wazi. Alimtazama mama yake, akamtazama Tumpe. Tumpe alijifunga ulimi. Hakujua kabla ya hapo kwamba kimya kinaweza kuuma meno.

Chai ya Générose ilipoa kwenye kikombe. Muuguzi alichungulia kiooni, akaondoka. Mkono wa Mugisho ulisogea juu ya shuka, kisha mguu wake mmoja, chini ya blanketi, ukajisukuma nyuma. Générose aliuona. Akaweka ngumi mdomoni.

"Mama," Mugisho alisema.

Waliogopa kumjibu.

"Mama, mbona munaniangalia sawa vile televisheni?"

Générose alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio, akaangukia kifua chake, na Mugisho akaanza kulalamika kwamba anamuumiza, kwamba ana njaa, kwamba nani amemnyoa upande mmoja kama mbuzi wa minada, maneno mengi, yasiyoulizwa na mtu, yakigongana. Tumpe alishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. Aliyasikiliza malalamiko yale kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi.

Mugisho aligeuza kichwa kwenye mto. Alitazama dirisha jeupe, dari linalovuma, mwanga usio na kivuli. Paji la uso likajikunja. Alikuwa amepotea kweli, na alitaka kujua kweli.

"Dada Tumpe," akauliza, "tuko wapi?"

"Kwenye puto," Tumpe akasema.

Jibu lilitoka kabla hajalifikiria, kwa sauti safi. Alilisikia likiwa tayari limeshafika upande wa pili wa chumba. Générose aliinua uso kutoka kifuani mwa mwanawe, polepole, na kumtazama.